Kumfuga mbwa juu ya mawe ya volkano: mwongozo kwa mitaa ya zamani ya Goma

Mbwa wa Goma anaishi juu ya jiwe. Birere, Mapendo, Murara na sehemu ya Les Volcans, parseli (viwanja vya nyumba) nyingi zimekaa juu ya lava iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 na kupita katikati ya mji hadi ziwani. Watu waliivunja, wakaisawazisha, wakajenga tena kwa mbao na mabati. Himbi, kwenye nyumba za zamani za kando ya ziwa, kuna bustani na kivuli, lakini ukichimba kidogo jembe linagonga mwamba. Kwa hiyo mashauri ya kawaida ya kufuga mbwa (chimba shimo, zika kinyesi, mwache alale chini ya mti) hapa hayasaidii. Tunaanza na ardhi. Chakula na chanjo vitafuata.

Hatua ya 1: Tengeneza mahali pa kukanyaga

Jiwe la lava lina matundu kama sifongo na kingo zake hukata kama kipande cha chupa. Mbwa mkubwa aliyekulia hapa ana nyayo ngumu. Mtoto wa mbwa hana. Kabla hajafika, chagua eneo la mita 3 kwa 4 atakaloshinda. Vunja ncha kwa nyundo, okota vipande, misumari na vigae, kisha mwaga mchanga au udongo wa kichanga unene wa sentimita 8 hadi 10 na uushindilie. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba zitauteremsha katikati ya mawe, kwa hiyo ongeza kila baada ya msimu.

Jiwe jeusi hushika joto. Saa sita mchana bandika nyuma ya kiganja chako juu yake: ukishindwa kuvumilia sekunde 7, mbwa naye ataungua. Mtembeze kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Akikatwa unyayo, osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, lita 1 kwa kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi. Mimina kwa mkondo mpaka chembe zote nyeusi zitoke. Chembe ikibaki ndani, kidonda hufunga juu na usaha hutengenezeka chini, ndipo mbwa anaanza kuchechemea siku ya nne au ya tano wakati wewe ulishasahau. Funga kwa kitambaa safi, pitisha pamba kati ya vidole, badilisha kila siku. Usitie limau, petroli wala mafuta ya moteri. Kidonda kinachopitisha kidole au kinachoendelea kutoa damu baada ya kukibana dakika 10 ni cha daktari wa mifugo.

Jambo moja wengi hawalioni: lava husaga kucha nne za chini, lakini ukucha wa ndani wa mguu wa mbele uko juu na haugusi ardhi. Huo hujikunja na kuingia nyamani. Ukate kila wiki 3 hadi 4.

Hatua ya 2: Jua mazuku yako wapi

Hapa hakuna mchezo. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka chini ya ardhi, nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, haina rangi, na pua haiitambui mapema. Hujikusanya mabondeni, kwenye mashimo ya lava, machimbo ya zamani na vyumba vilivyo chini ya usawa wa ardhi, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Lac Vert na kando ya ziwa. Usiku na alfajiri, upepo unapotulia, kiwango chake hupanda. Jua na upepo vikianza, hutawanyika. Mtu mzima anaweza kupita amesimama asihisi kitu, huku mbwa, ambaye pua yake iko sentimita 40 kutoka chini, anaanguka miguuni pake.

Uliza wazee wa mtaa kwanza. Mahali pa mazuku hujulikana. Kisha tafuta alama: panya, ndege au wadudu waliokufa mahali pamoja bila jeraha, na majani yaliyokauka katika shimo moja tu huku ya jirani ni mabichi. Wapo wanaoteremsha mshumaa kwa kamba. Ukizimika, mahali hapo ni pa kifo. Ila ukiendelea kuwaka usijiambie pako salama, kwa sababu gesi huanza kumdhuru mnyama kabla haijafikia kiwango cha kuzima moto.

Nyumba ya mbwa ikae sehemu ya juu ya parseli. Asifungwe kwenye shimo wala ghala la chini. Alfajiri usimfungulie atembee peke yake karibu na bonde linalojulikana. Na akianguka ndani ya shimo usiinamie kumnyanyua, wala usimtume mtoto. Watu wamekufa kwa kufuata mbuzi namna hiyo. Kama kamba yake iko mkononi mwako, mvute ukiwa umesimama juu. Kama haiko, mwache. Akitoka akiwa bado anapumua, mlaze kwa ubavu mahali penye upepo, vuta ulimi wake mbele.

Hatua ya 3: Mjengee nyumba iliyoinuka

Jiwe likishapoa usiku hunyonya joto la mwili, na Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mbwa anayelala moja kwa moja juu ya lava huota sugu viwikoni na watoto wake hufa kwa baridi.

Kwa mbwa wa kilo 15 hivi, yaani wengi wa mbwa wetu wa mtaani, vipimo vya ndani ni urefu sentimita 90, upana 60, kimo 70. Mlango upana 35, kimo 45, ukate pembeni badala ya katikati, ili apate kona isiyopigwa na mvua. Sakafu iinuke sentimita 15 kutoka chini kwa vigingi au mawe manne. Usiifanye kubwa zaidi kwa kudhani unamfurahisha: mbwa hupasha nyumba yake kwa joto la mwili wake mwenyewe.

Bati tupu hutoa jasho usiku na kuwa tanuri mchana. Pigilia dari ya mbao chini yake, ukiacha nafasi ya sentimita 3 hadi 5. Paa lifungwe kwa bawaba upande mmoja, uweze kulifunua kusafisha. Mbao zipakwe chokaa. Mafuta machafu ya moteri yanayopakwa kwenye nguzo za nyumba yasitumike hapa, kwani mbwa hulamba mbao na hujilamba manyoya.

Iache sentimita 40 kutoka ukuta wa mawe. Sababu iko kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Kamba, waya na ukuta

Mnyororo mfupi kwenye kigingi hufanya mbwa mkali kwa wote, hata kwa wa nyumbani. Ikiwa parseli haina uzio kamili, tandaza waya wa chuma wa mita 6 hadi 8 kati ya nguzo mbili, kimo cha mita 2, upitishe pete, na kwenye pete ufunge kamba ya kumwezesha kulala chini bila kuvutwa. Weka kizuizi nusu mita kabla ya kila nguzo, la sivyo ataizunguka mpaka ajikabe. Kiungo kinachozunguka kwenye ukosi ni cha lazima. Kati ya ukosi na shingo viingie vidole viwili. Kwa mtoto anayekua, pima kila wiki.

Usimfunge kamwe karibu na ukuta anaoweza kuruka. Anaruka, kamba inamshika upande wa pili, ananing'inia. Ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji una ngazi za kutosha kwa mbwa yeyote, hata ukiwa na mita 1.5.

Hatua ya 5: Chanjo, kabla hajatoka nje ya parseli

Kichaa cha mbwa hakina dawa dalili zikishaonekana, iwe kwa mbwa au kwa mtu. Mtoto wa mbwa achanjwe akiwa na miezi 3, arudie baada ya mwaka 1, kisha kila mwaka au kila miaka 3 kufuatana na chanjo iliyotumika. Parvo (ugonjwa wa kuhara damu) na ugonjwa wa Carré (distempa) zina ratiba yake: chanjo ya kwanza kwenye wiki ya 6 hadi 8, ya pili wiki ya 10 hadi 12, ya tatu wiki ya 14 hadi 16. Moja peke yake haitoshi, maana kinga aliyonyonya kwa mama yake huweza kuiua chanjo ya mapema, na hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama kinga hiyo itaisha lini.

Angalia inatoka wapi. Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Mjini ambako umeme hukatika, una haki ya kuuliza friji inawashwa na nini, na kuona kichupa kikitolewa humo au kwenye sanduku lenye barafu. Chanjo iliyotembezwa mfukoni ni maji tu. Karatasi ndogo ya kichupa ibandikwe kwenye karneti (kijitabu cha chanjo), pamoja na tarehe, sahihi na mhuri. Bila hivyo, mpakani na hospitalini karneti haina maana.

Parvo ikishaingia kwenye parseli ya lava ni taabu kubwa. Virusi vyake hudumu mwaka mzima na zaidi. Mbao na saruji utaziosha kwa sabuni kwanza, kisha kwa javeli (dawa ya kung'arisha nguo), kipimo 1 kwa maji vipimo 30, ukaiacha dakika 10. Lakini matundu ya jiwe hayasafishiki. Kama mbwa alikufa kwa kuhara damu hapo kwako, usilete mwingine asiyemaliza chanjo zote tatu mpaka mwaka upite. Inauma, hasa watoto wakililia mbwa mpya, lakini vinginevyo mtazika wa pili.

Mbwa akimng'ata mtu: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ukipima kwa saa kama unayo, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje uone mbwa atafanya nini. Mbwa naye mfungie na umchunguze siku 10; akiwa hai na mzima siku ya 10, hakuwa na virusi mateni siku aliyong'ata. Kumpiga mawe hadi kufa papo hapo kunapoteza ushahidi huo. Na ikiwa lazima auawe, kichwa kisipondwe, kwa sababu maabara hupima ubongo.

Hatua ya 6: Kupe wako ukutani

Watu huosha mbwa leo, na baada ya wiki mbili kupe wamerudi, kisha wanalaumu dawa. Kupe wa kahawia wa mbwa hunyonya siku chache, hujidondosha, hupanda ukuta na kutaga mayai maelfu ndani ya ufa. Ukuta wa mawe ya lava ni nyumba aliyojengewa. Ukitibu mbwa bila ukuta unalisha kizazi kinachofuata.

Ziba nyufa kwa saruji au udongo wenye chokaa, tangu chini hadi kimo cha mita 1, mita 2 kila upande wa nyumba ya mbwa. Mwagia maji yanayochemka sehemu usizoweza kuziba. Tandiko lichomwe au lichemshwe. Siku hiyohiyo mpake mbwa dawa aliyokupimia daktari wa mifugo kwa uzito wake, rudia ukutani baada ya wiki 2, na tena baada ya wiki 2 nyingine, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isipimwe kwa jicho. Na kama mna paka, kumbuka kwamba dawa zenye permetrini zinazomfaa mbwa humuua paka akimlamba au akilala naye.

Kila jioni pitisha vidole masikioni, chini ya ukosi, makwapani, kati ya vidole. Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja. Kiberiti na petroli humfanya atapike ndani ya mbwa kabla hajaachia, na matapishi hayo ndiyo yenye magonjwa. Ukiwa hapo kati ya vidole, tazama pia funza, hasa mwezi wa saba na wa nane vumbi likiwa jingi.

Magonjwa ya kupe yanaanza kimya. Mbwa anaacha chakula, anajilaza, joto linapita nyuzi 39.5 (la kawaida ni 38 hadi 39.2). Inua mdomo: ufizi wa pinki umekuwa mweupe au wa manjano. Mkojo umegeuka rangi ya chai nzito. Damu puani bila kupigwa. Ukiona mawili kati ya haya nenda leo. Kesho kutwa mara nyingi ni kuchelewa.

Hatua ya 7: Chakula na maji

Mbwa mzima wa kilo 15 atatosheka kwa siku na bugari (ugali) ya mahindi iliyoiva gramu 350 hivi, sambaza (dagaa wa ziwani) wakavu gramu 80, kijiko 1 cha mezani cha mafuta na konzi ya lengalenga (mchicha) iliyochemshwa. Gawa mara mbili. Chini ya miezi 6, mara tatu. Sambaza, walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni baraka kwa mfugaji: mifupa yao ni laini, huliwa mizima, na ndiyo inayotoa kalsiamu. Waloweke dakika 20 na uwasuuze ili chumvi na mchanga vitoke. Mara moja kwa wiki ongeza ini gramu 30. Papasa mbavu: zihisike bila kubonyeza, zisionekane kwa mbali.

Kosa linaloua mbwa wengi ni unga ulioota ukungu. Mama wa nyumba anaona haufai watu, anasema "tumpikie mbwa". Sumu ya ukungu huo haiondoki kwa kupikwa. Humla ini mbwa siku kadhaa, macho yanakuwa manjano, anakufa. Utupe. Vilevile asipewe mihogo mibichi wala sombe (majani ya mihogo) isiyoiva vizuri, vitunguu, chokoleti, mifupa ya kuku iliyopikwa. Kokwa la parachichi lisibaki uani: hukwama tumboni na kuhitaji kupasuliwa. Sumu ya panya inayouzwa sokoni mbwa huipata kwa kula panya aliyekufa, kwa hiyo waambie majirani wakuarifu wanapotega. Ya aina moja humtoa mate na kumtetemesha ndani ya dakika chache. Nyingine humtoa damu baada ya siku 3 hadi 5 na hutibiwa kwa vitamini K1. Peleka pakiti kwa daktari.

Maji ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo, yaani karibu lita 1 kwa mbwa huyo. Ya ziwani yachemshwe. Ya mvua yanafaa, ila mvua ya kwanza baada ya kiangazi au baada ya majivu kuanguka husafisha bati: ondoa bomba kwenye tangi dakika 15, yamwagike.

Hatua ya 8: Kinyesi, minyoo na majirani

Kwa kuwa halichimbiki shimo, tumia ndoo yenye kifuniko. Okota kila siku, funika kwa konzi mbili za jivu la makala (makaa) au unga wa mbao, mwaga kwenye shimo la choo. Kisiende kwenye lengalenga. Mayai ya minyoo mviringo ya tumboni katika kinyesi kibichi hayaambukizi bado. Huhitaji wiki 2 au zaidi kukomaa. Anayeokota kila siku amekata mzunguko huo, na watoto wanaocheza chini wamepona. Dawa ya minyoo: kila wiki 2 tangu wiki ya pili hadi ya nane, kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi 3.

Parseli moja ina jamaa tatu au nne. Kabla ya kumleta, waambie. Jirani Mwislamu hatataka mate ya mbwa yaguse nguo yake ya sala wala mkeka, na si kazi yake kujikinga. Ni yako kumfunga saa za sala na kumzuia njia ya msikiti. Zamu (mlinzi) wa usiku na wauza maziwa wamzoee mchana, ukiwa pamoja naye, ndipo usiku asibweke bure. Jike hupata joto kama mara mbili kwa mwaka, wiki 3 kila mara, na madume ya mtaa mzima yatakesha mlangoni. Mimba ni siku 63. Kama hutaki watoto, afungwe kizazi kuanzia miezi 6.

Hatua ya 9: Siku ya volkano

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka jioni, na tarehe 27 mitaa 10 kati ya 18 ya mji iliamriwa kuhama. Safari ya Sake, Rutshuru, Gisenyi au Bukavu kwa meli haimpi mtu nafasi ya kutafuta kamba. Weka mfuko tayari, uning'inie mlangoni: kamba ya mita 2, ukosi wa akiba wenye namba ya simu, kifunga mdomo, karneti ndani ya plastiki, sambaza wakavu wa siku 3, bidoni (dumu) ya maji ya lita 5. Mzoeshe kifunga mdomo mapema, dakika 5 kwa siku, kwa kumpa chakula ndani yake. Kwenye lori lililojaa watu hatapandishwa bila hicho. Mbwa mdogo huenda ndani ya kikapu juu ya chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), kifuniko kimefungwa kwa mpira.

Kama huwezi kwenda naye, mfungue. Toa mnyororo, fungua mlango wa parseli, mwaga maji kwenye beseni zito. Mbwa aliye huru huikimbia lava, maana lava mara nyingi hutembea taratibu mjini. Aliyefungwa hana pa kwenda.

Mkirudi, mwaga maji yote yaliyokuwa wazi. Osha vyombo vyake na umpanguse majivu manyoyani kwa kitambaa chenye maji kabla hajajilamba, ukianzia miguuni. Kagua parseli tena kama hatua ya 2, maana baada ya mlipuko nyufa mpya hufunguka na gesi hutokea pasipokuwa na mazuku jana. Kwa wiki ya kwanza alale usawa wa mlango wenu, juu, penye upepo.